Kwaheri za Mlimani

Jumapili, 6 Oktoba

Mimi ni Leocadio, na Castralba nzima inaniita Tarumbeta, si bure: nikipiga chafya Lango la Chini, kengele ya kanisa kule juu hujibu. Mtu wa namna hiyo leo kaapishwa afunge mdomo. Nisipoandika nitapasuka kama pipa la divai mpya.

Aliyeniapisha ni dada yangu Angustias, baada ya misa, jikoni kwake. Alinishika mkono akauweka juu ya mkate. "Juu ya msalaba utadanganya," kasema, "lakini mkate unauheshimu." Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki, ananijua mpaka mifupa. Nikaapa.

Siri ndiyo hii: dada haoni. Mwezi wa saba alipanda basi akashuka Málaga, akatuambia anakwenda kununua mashuka, kumbe anakwenda kwa daktari wa macho. Kiini cha macho yote mawili kimezimika na hakiwashiki tena. Pembeni kumebaki ukungu wa mwanga. Akikutazama usoni, uso unapotea, zinabaki kingo.

"Wewe sasa nakuona masikio mawili," kaniambia, "na katikati kelele."

Nilicheka. Kisha nikaenda kutazama dirishani kwa muda.

Binti yake, Maravillas, anakaa huko huko Málaga, ghorofa ya sita. Akijua atamchukua. "Ataniweka juu ya lifti kama ndege tunduni," kasema dada. "Nitakufa nikisikiliza friji." Maravillas atakuja Desemba kwa sikukuu ya Mama Mkingiwa, Bikira Maria wetu, kama kila mwaka. Mpaka hapo dada anataka miguu yake iushike mji mzima, apande na kushuka kama zamani, mtu asishtuke. Na mimi ndiye wa kumtembeza.

Nimemwambia amemfikia fundi. Ni nani anayewatembeza wageni katika mji huu miaka yote hii? Mimi nikilala, vichochoro vya Castralba hunitembea kichwani vyenyewe. Kuna mfalme mmoja wa kaskazini, alikuja kwa siri amevaa kofia ya mkulima, nikamwambia, mtukufu—

"Leocadio."

"Naam, dada."

"Mkate."



Jumatano, 9 Oktoba

Tumeanza. Nilimshauri ahesabu vidato. Akakataa kata kata. "Ukihesabu wewe, ngazi za kanisa zitafika mbinguni. Niachie nyayo zangu."

Amevaa viatu vya kitambaa vyenye soli ya kamba, vile vya mama zetu, ili alisikie jiwe. Mtaa wa Kuku una mawe ya mviringo kama migongo ya mikate. Kwenye chemchemi yanageuka mabamba laini yenye unyevu. Mbele ya kanisa ni matofali yaliyosimamishwa kwa ubavu. Mkono wa kushoto anautelezesha ukutani, polepole, kama anayempapasa nyumbu. Tulipofika mahali akasimama.

"Hapa ni nyuma ya tanuri la Primitivo."

Nikagusa. Ukuta ulikuwa na joto. Nimezaliwa mji huu, nimeupiga chokaa ukuta huo huo kwa mikono yangu, sikuwahi kujua kwamba una joto.

Nilimwambia nilikuwa najua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua. Tumekaa tukila zabibu.

Jumapili, 13 Oktoba

Maravillas kapiga simu. Kila Jumapili ni hivyo hivyo: "Amekula? Amelala? Umempelekea dawa ya presha?" Kama karani wa forodha anayekagua mzigo. Mtoto nimembeba begani mimi, na leo hanipi hata nafasi ya kumsimulia jambo. Watu wa lifti ndivyo walivyo. Moyo wao una kitufe, na kitufe chenyewe kimeharibika.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wageni wamefurika. Mholanzi mmoja mrefu kama mnara aliniuliza, uso umemshuka: "Bwana, mbona kila mtu ananiambia kwaheri, na mimi ndiyo kwanza nafika?"

Nikamwambia: bwana mkubwa, mlima huu hauna pumzi ya salamu mbili. Mtu akikusabahi utasimama, ukisimama utateleza. Kwa hiyo sisi tukipishana tunaanzia mwisho: kwaheri, kwaheri, kila mtu na njia yake. Nikamweleza habari ya babu yangu mdogo aliyejisahau akasema "hujambo" siku ya barafu, akaserereka kutoka kanisani mpaka mtoni, akaibuka na samaki wawili mifukoni. Mholanzi akaandika yote.

Lakini kwaheri hizi ndizo zinazonikosesha raha. Mwenye kusema, dada anamjibu vizuri, na jina juu. Ila nusu ya mji haisemi. Mtu akiwa na gunia begani, au akiwa na kiburi chake tu, hunyanyua kidevu, basi, amekwisha kusalimu. Na kidevu hakina sauti. Leo Primitivo wa mkate kaniambia, "Dada yako siku hizi pua yake iko juu ya kanisa. Nimemnyanyulia kidevu mara mbili, kanipita kama mbwa wa jirani."

Nimebuni dawa. Kidevu kikija kutoka kushoto nakohoa mara moja, kulia mara mbili, naye anatupa "kwaheri" upande huo. Inafanya kazi ajabu. Jeshi lingenilipa kwa akili hii.

Alhamisi, 24 Oktoba

Dawa imezaa ugonjwa. Obdulia kanijia mlangoni na chupa ya asali. "Kohoa mbali na mimi," kasema, "halafu unywe hii na maji moto. Unakohoa mji mzima kama punda aliyemeza ufunguo."

Obdulia ni rafiki wa dada tangu kubatizwa. Walibatizwa siku moja, maji yale yale, na dada husema Obdulia ndiye aliyeyachafua. Mumewe Serafín tulimzika Septemba. Tangu hapo amevaa nyeusi na amenenepa kwa huzuni. Wengine hukonda, yeye hunenepa. Akiwa na dada wanacheka bado. Nimeinywa asali yote.

Jumapili, 27 Oktoba

Dada kaenda kununua mkate PEKE YAKE. Nilimfuata kwa nyuma, nikijificha vizingitini kama mwizi wa kuku. Alipita Uchochoro wa Ubavu, ule wa kupishana kwa kujigeuza, akageuka mwenyewe kabla ya kona. Alipotoka kwa Primitivo akasema bila kugeuza kichwa, "Leocadio, unapumua kama ng'ombe."

Nimemwambia kila mtu nina furaha. Wakaniuliza ya nini. Nikasema ya bure.

Jumamosi, 2 Novemba. Siku ya Marehemu

Leo mkono ni mzito.

Tulikwenda makaburini wote, kama ilivyo ada, mji mzima na maua. Kaburi letu limewekwa vizuri. Nilimshika dada mkono mpaka kwenye njia ya misonobari, na njia hiyo miguu yake inaijua tangu utoto. Hapo wakanizunguka watu watatu wa bonde la pili, wakaniuliza ni kweli kuna kaburi la jitu. Nikasema ni kweli. Nikawaonyesha urefu wa paja lake kwa mikono. Nikamwachia dada mkono kwa sababu paja la jitu halionyeshwi kwa mkono mmoja.

Obdulia alikuwa amesimama kwenye kaburi la Serafín. Sikukuu ya kwanza ya ujane wake. Wanawake wote wamepanga mstari ukutani wanamtazama. Alimwona dada anakuja, akafungua mikono yote miwili. Hakusema kitu. Nani husema kitu siku hiyo? Alifungua mikono tu, akamsubiri.

Dada akampita.

Alimpita karibu kiasi kwamba mtandio wake uligusa mkono wa Obdulia. Alikuwa ananyoosha shingo akinitafuta mimi kwa sikio, ananifuata sauti, mimi niko kwenye paja la jitu. Obdulia alibaki na mikono hewani. Kisha akaishusha, mmoja baada ya mwingine, akaanza kupanga upya maua ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Nilimkimbilia dada. "Obdulia yuko wapi?" akaninong'oneza. "Sijamsikia. Nataka nimkumbatie leo."

Nilikuwa nimeapa juu ya mkate. Watu wanatazama. Nikasema, "Amekwisha kwenda nyumbani, dada."

Na Obdulia alikuwa hatua chache nyuma yetu, na mimi, kwa bahati mbaya, sijui kusema kwa sauti ya chini.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua na upepo. Obdulia kapishana nasi kwenye chemchemi. Kidevu chini, mdomo umeshonwa. Dada alikuwa anaimba.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Kapita tena. Kimya.

Jumanne, 12 Novemba

Hii ndiyo adhabu ya kwetu: mtu akikukosea unamnyima kwaheri. Hakuna hakimu anayeweza kutoa hukumu kali kuliko hiyo. Lakini umnyime vipi asiyeona kwamba amenyimwa? Obdulia anapita amevimba, anamsukumia dada ukimya mzito kama kabati, na dada anapita chini yake akiimba wimbo wa mavuno. Obdulia anasikia huo wimbo. Anadhani ni dharau juu ya dharau.

Na mji umemfuata Obdulia. Mjane ana haki. Sasa hata waliokuwa wakisema hawasemi. Leo kutoka kwa Primitivo mpaka nyumbani, mtaa mzima umejaa watu wanaotoka na kuingia, na hakuna sauti ila maji ya mifereji.

Dada alisimama katikati ya Mtaa wa Kuku. "Watu wamekwenda wapi?"

"Zeituni," nikasema. "Mwaka huu zimewahi kuiva, dada. Wote wako mashambani."

Mke wa Primitivo alikuwa kizingitini kwake, ametusikia. Alinitazama, nikamwomba kwa macho. Akaingia ndani.

"Na mvua yote hii?" kasema dada.

"Wamevaa makoti."

Akaendelea kutembea. Lakini hakuimba tena.

Jumapili, 17 Novemba

Maravillas kapiga. "Umekula? Umelala?" Dada kamjibu, ndiyo, ndiyo. Kisha bila kuulizwa akasema, "Mji umenyamaza mwaka huu, mwanangu." Akaongeza haraka kwamba ni zeituni.

Jumanne, 19 Novemba

Dada hajataka kutoka. Anasema magoti. Magoti hayana kitu. Siku tatu sasa.

Jumatano, 20 Novemba

Nimevunja kiapo. Mkate unisamehe.

Nilimkuta Obdulia mlangoni kwake anapasua zeituni kwa jiwe, pa, pa, pa, kama kila moja ilimtukana. Nikavua kofia.

"Obdulia, Angustias hakukuona makaburini. Hakuoni hata sasa. Macho yake yamezimika."

Pa. "Yamezimika."

"Tangu kiangazi."

"Tarumbeta, wewe uliniambia umemfundisha mbwa mwitu kubisha hodi."

"Yule alikuwa kama mbwa mwitu."

"Uliwaambia wageni mimi ni binti wa mtawala aliyebadilishwa utotoni."

"Lakini walikuheshimu!"

"Uliniambia Serafín wangu," akashusha jiwe, "siku anakufa, eti uliona njiwa mweupe juu ya paa letu. Nikafurahi wiki nzima. Kumbe ilikuwa chupi ya mke wa Primitivo kwenye kamba."

Hebu fikirieni: mimi! Nilitafuta neno lolote la kulipamba jambo lipendeze, likubalike, sikulipata. Nikasema tu, "Haoni, Obdulia. Nilimwachia mkono, akakupita. Anadhani mji wote uko shambani. Ameacha kutoka."

"Ondoka mlangoni pangu," kasema. Lakini hakupiga tena jiwe. Nilisikiliza mpaka kona.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimemtoa dada nje kwa nguvu. Jua limetoka, chokaa yote inawaka, hata yeye kasema, "Leo kweupe." Tulishuka, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka Uchochoro wa Ubavu. Na katikati ya uchochoro, amejaa ukuta hadi ukuta, kasimama Obdulia.

Nilitaka kukohoa. Alininyooshea kidole: thubutu.

Dada anakuja, mkono ukutani. Obdulia hasogei, haongei, anamtazama usoni kwa hasira yote ya tangu makaburini, anamsubiri ageuke, au atukane, au aombe radhi. Dada anakuja. Uso wake umetulia kabisa. Mkono wake ukaacha ukuta, ukagusa shali nyeusi. Ukapapasa. Ukabonyeza.

"Leocadio," kasema dada, "nani kaacha gunia la zeituni katikati ya njia?"

Kisha sauti ikatoka kwenye gunia, nyembamba:

"Gunia?"

Dada akarudisha mkono kama aliyeungua.

"Gunia!" kasema Obdulia. "Tumebatizwa siku moja, nimekushika mkono ukimzaa Maravillas, na mimi leo ni gunia!"

"Obdulia?"

"Gunia la kilo ngapi, nieleze!"

"Obdulia, umenenepa," kasema dada.

Hapo wakashikana. Walicheka, wakalia, mtu hawezi kupambanua, na uchochoro ulivyo mwembamba hawakuweza hata kuanguka. Obdulia alikuwa anambusu macho, moja, la pili, la kwanza tena. "Mbona hukuniambia? Mbona hukuniambia, mpumbavu wewe?" Na dada: "Ningekuambia ungenihurumia." "Ningekutukana!" "Ungenitukana kwa huruma."

Watu wawili walikuwa wanangoja kupita. Nikawaambia wazunguke kwa kanisani. Mimi mwenyewe nilikuwa na vumbi machoni. Vumbi la Castralba ni kali, limewahi kumliza askari mzima mwenye farasi.

Jumamosi, 23 Novemba

Dada kanipiga na taulo kwa kuvunja kiapo. Nimekubali kila pigo. Kisha kanikaangia mayai.

Alhamisi, 28 Novemba

Obdulia kazunguka nyumba kwa nyumba. Kila mtu kamwapisha, na yeye hatumii mkate, anatumia kidole chake. Sharti la kwanza: Maravillas asijue. La pili ni kwamba kidevu kimepigwa marufuku. Sasa kila anayepishana na dada lazima aseme, na aseme ni nani.

Mjue mji huu. Watu wa kwetu ukiwapa jambo dogo wanalifanya sherehe. Leo kutoka chemchemi hadi kwa Primitivo ilikuwa kama gwaride. "Kwaheri, Angustias, ni mimi Primitivo, nimebeba unga!" "Kwaheri, ni Obdulia, gunia, kulia kwako!" Hata mwashi wa Lango la Chini, ambaye hajamsalimu mtu tangu timu yake iliposhuka daraja, kasimama, kavua kofia, kataja jina lake na la baba yake.

Dada alirudi amechoka kwa kujibu. Kakaa kitini, mikono mapajani.

"Wamerudi kutoka zeituni," kasema.

"Ndiyo, dada."

"Mwongo," kasema, kwa upole sana.

Jumamosi, 30 Novemba

Zeituni kweli sasa. Mgongo umekufa. Nimevuna kuliko vijana wote. (Karibu wote.)

Ijumaa, 6 Desemba

Maravillas kafika na gari jekundu na buti za mjini. Dada alimpokea mlangoni, akamtengenezea kola, akamwambia amekonda. Kamtazama kidogo pembeni ya uso, kama tulivyofanya mazoezi. Safi! Chakula cha mchana dada alimimina supu bila kumwaga tone. Nilitaka kupiga makofi.

Jumapili, 8 Desemba

Misa ya Mama Mkingiwa. Tukapanda wote watatu, dada kashikwa mkono na binti yake. Na mji, Mungu aubariki, mji ulikuwa umejiandaa.

"Kwaheri, Angustias, ni mimi Primitivo, niko kushoto, mkononi sina kitu!"

"Kwaheri, Angustias! Obdulia! Nimekaa! Kwenye benchi!"

Madirishani, vizingitini, kutoka juu ya paa: majina, majina. Kila mtu anapiga kelele kumsaidia dada asijulikane kwamba haoni. Nilitembea kifua mbele. Nikamtazama Maravillas nione kama naye kafurahi.

Alikuwa amekuwa mweupe kuliko kuta.

Baada ya misa akanivuta pembeni. "Mjomba, Obdulia na mama walibatizwa siku moja. Tangu lini anamtajia jina lake?"

Ndipo nilipoelewa. Castralba hakuna mtu anayejitaja. Ujitaje kwa nani? Wote tunajuana kwa kikohozi. Siri tulikuwa tumeificha kwa kuitangaza.

Lakini mimi ni mimi. Nikamwambia ni amri ya askofu. Kulitokea mapacha wawili bonde la pili, mmoja kamwoa mchumba wa mwenzake bila mtu kugundua, askofu akaja amepanda farasi mweupe, akaamuru kwamba tangu sasa kila Mkristo apitaye njiani... Maravillas alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza. Wakati nasema alikuwa ananifunga kifungo cha koti.

"Umemaliza, mjomba?"

"Bado farasi."

"Mama haoni."

Nikamwacha farasi aende zake.

"Kwenye simu alikuwa ananielezea rangi," kasema. "Zeituni zimekuwa zambarau, mlozi umekuwa waridi. Tangu kiangazi ananieleza sauti tu. Nikawa sijui niulize nini, nisije nikamwumiza. Naishia kuuliza kama amekula."

Akaniambia amemtengenezea mama yake chumba kule Málaga. Kuta kazipaka chokaa mwenyewe, chokaa ya kwetu, aliibeba kiangazi kwenye gari, ili mama akiamka asijione ugenini. Akanionyesha mikono. Chokaa ilimuunguza katikati ya vidole, na alama bado ipo. Na mimi huyu nilisema ana moyo wa kitufe.

Nyumbani walikaa jikoni, Maravillas akamwambia mama yake kwamba amejua, na mimi nikakataa kutoka.

"Twende nami, mama."

"Huko nikitoka mlangoni nani atanijua?"

"Mimi."

"Wewe uko kazini mpaka jioni, mwanangu."

"Na hapa ukianguka?"

"Hapa nikianguka," kasema dada, "nitaangukia watu."

Maravillas alifuta meza iliyokuwa safi. "Kesho nenda kanunue mkate," kasema. "Nitakuwa nyuma yako. Sitasema neno. Mjomba naye hatasema neno, ikiwezekana."

Jumatatu, 9 Desemba

Ikawezekana. Niliuma kofia.

Dada alitoka, mkono ukutani. Maravillas nyuma, mimi nyuma ya Maravillas. Majina yakaanza. Chemchemi, sawa. Uchochoro, sawa. Baada ya kona ya kanisa kulikuwa na jambo ambalo jana halikuwapo: fundi umeme alikuja kushusha taa za sikukuu, kaegesha ngazi ndefu ukutani, kapanda juu, na miguu ya ngazi imekaa pale pale mkono wa dada unapopita. Fundi ni wa mji mwingine, hajui kitu.

Nilimwona Maravillas akinyoosha mkono, kinywa wazi, sauti haitoki. Hatua mbili. Mimi mwenyewe, Tarumbeta, kofia ilikuwa bado mdomoni.

"Angustias, simama!"

Haikuwa sauti moja. Madirisha matatu yalifunguka pamoja, na mlango, na Obdulia kutoka chini kabisa ya mtaa kama tarumbeta kubwa kuliko mimi: "Ngazi, Angustias! Mbele yako! Pita kulia!"

Dada alisimama. Akanyoosha mkono, akaipata ngazi, akaigonga kwa vidole.

"Nani yuko juu?"

"Fundi umeme, bibi."

"Huna jina?"

"Evelio, bibi."

"Kwaheri, Evelio. Usianguke."

Akapita kulia, akaenda kwa Primitivo, akanunua mkate.

Maravillas alikaa kwenye ukingo wa chemchemi na buti zake majini bila kujua. Nilikaa naye. Alilia kimya kimya, jinsi anavyolia tangu mdogo, kwa pua tu. "Kule kwangu," kasema, "jirani wa mlango wa pili sijui jina lake."

Nikamshika bega. Nilikuwa na hadithi tatu za kumfariji. Sikusema hata moja.

Jumanne, 10 Desemba

Maravillas ameondoka asubuhi, peke yake. Dada anabaki. Kwa masharti: jiko la gesi liondoke, aende kwa daktari wa macho kila baada ya miezi mitatu, na kipindi cha joto kali atakaa kwenye kile chumba cha chokaa, alale humo walau mwezi. Dada alipinga mwezi, wakakubaliana wiki tatu, wakakumbatiana kwa hasira.

Sharti la mwisho ni kwamba mimi nihamie chumba cha chini kwa dada. Nilikuwa nimeamua hivyo mwenyewe zamani. Wao walinifuata tu.

Jumatano, 11 Desemba

Nimehama. Dada anasema nakoroma. Sijawahi.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo tumepanda mpaka juu kabisa, ngomeni, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Alipanda polepole, akipumzika, hakutaka mkono wangu. Tukaegemea ukuta wa mwisho, pale mji unapoishia na kubaki hewa tupu. Baridi ilikuwa inauma masikio.

"Haya," kasema, "niambie unaona nini."

Nikajisafisha koo. "Dada yangu, kule bondeni naona—"

"Ukweli kwanza."

Nikatazama vizuri. Tulikuwa ndani ya wingu. Mto haupo, mashamba ya zeituni hayapo, hata Lango la Chini limefutika.

"Sioni kitu, dada. Ukungu mtupu."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Basi leo tuko sawa." Akanitafuta mkono, akaupitisha kwapani mwake, akaegemea. Alikuwa mwepesi, na alinukia mkate.

"Sawa," kasema. "Sasa tia chumvi."

Nikavuta pumzi, nikamletea bahari hadi chini ya ukuta.